Zilitoka Hivyo Sotik

Mara ya kwanza Mwalimu Johana Kimeli kuingia dukani kwangu Sotik alikuja kutafuta utepe wa taipureta, na alitoka bila kuununua. Aliuvuta kidogo, akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaukagua kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe.

"Mama, huu umetumika upande mmoja."

"Wa pili haujaguswa, mzee."

"Basi nitanunua huo wa pili. Wa kwanza ubaki nao."

Nilikataa. Akaukunja vizuri kuliko alivyoukuta, akafunga vifungo vya koti, akaniaga kwa heshima na kwenda zake. Siku ya soko iliyofuata alirudi, tukakubaliana katikati, nikajua nimepata mteja. Mtu asiyebishana bei mara nyingi hana nia ya kurudi.

Mimi ni Nyatichi, ila Sotik nzima inaniita Mama Gekara, kwa jina la kifungua mimba wangu. Nilianza na ndizi kutoka Nyamira nikiziuza juu ya gunia, nikahamia betri za redio, kisha nikaingia katika vitu ambavyo ofisi zimechoka navyo: viti vya kuzunguka, kabati za chuma, taipureta. Wateja wangu walitoka pande zote mbili za mpaka, Wakipsigis na Wakisii, na miaka hiyo ya tisini haikuwa ya mchezo. Watu walikuwa wametoka kwenye mabaya, kila mmoja akiutazama mkono wa mwenzake. Kipimo chako kikipungua, hakuna aliyesema mizani imeharibika. Walisema, si unajua kabila lake. Kwa hiyo mali yangu ya kwanza haikuwa ile iliyokuwa rafuni. Ilikuwa jina.

Mwalimu Johana naye aliishi kwa jina. Alizaliwa kwenye mteremko mmoja karibu na Kapkatet, baba yake akiwa mchuma chai wa shamba kubwa upande wa Kericho. Huko shambani kijana akaingizwa ofisini kufagia, akajifunza kupiga chapa kwa kidole kimoja, halafu viwili, mwishowe vyote bila kuangalia. Akawa karani, akawa mkubwa wa makarani, na kila msichana aliyeajiriwa ofisi ile alipita mikononi mwake. Alikuwa na rula ndefu ya mbao. Ukiweka kikombe cha chai karibu na mashine, rula ilitua mezani kando ya vidole vyako, na kishindo hicho hukukisahau.

Kijijini alikuwa mzee wa kanisa. Wakulima wakigombana na karani wa kituo cha majani chai juu ya uzito, waliagiza Mwalimu aitwe aisome mizani upya. Alichosoma yeye ndicho kilichoandikwa, wala hakuna aliyeinama kuhakikisha. Kanisa lilipojenga chuo kidogo cha makatibu, chumba kirefu cha mabati kando ya shamba la chai, aliacha kazi ya ofisi na kupewa funguo. Siku ya kuagwa kule shambani alihutubu muda mrefu. Aliwaambia waliobaki kwamba wao watunze mashine, yeye anaenda kutunza watu.

Mwaka wa tisini na saba alinijia na neno jipya. Ofisi zilianza kuuliza kama msichana anajua kompyuta, na wasichana wake walijua taipureta tu. Mimi nilikuwa na kompyuta moja nzuri iliyotoka kwa ofisi iliyofungwa Nakuru, na printa yake ya wino. Yeye alikuwa na taipureta nzee lakini zilizotunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Tulibishana kwa wiki kadhaa. Mwishowe tukafanya badilishano: taipureta zote za chuo kwa kompyuta na printa, na fundi wangu aende kuziunganisha siku stima itakapofika kule.

Kamati ya kanisa haikupenda. Mwenyekiti wao, Mama Chepkemboi, mwanamke mwenye chai nyingi na maneno machache, alimuuliza mbele ya wote, "Tukitoa hizi zote, na hiyo moja ikatae?"

"Ikikataa," Johana akasema, "mtafute mwingine wa kushika funguo."

Hapo ndipo alipoliweka jina lake.

Siku ya kuchukua mali, fundi wangu Phelix, kijana wa Kisumu mwenye mikono mizuri, aliiwasha printa kwa kompyuta nyingine iliyokuwa dukani, kwa kuwa ile ya chuo ilikuwa imeshafungwa, kuonyesha kwamba ni nzima. Ikachapa vizuri. Kisha akamkabidhi Johana diski mbili nyeusi, zile bapa za plastiki zinazoenea mfuko wa shati.

"Mzee, printa hii bila hizi ni sanduku tu. Ndani mna programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Tunaiita draiva. Kompyuta ikikosa draiva haijui printa inaongea lugha gani. Tunza, na unyevu usizifikie."

"Ngoja kwanza nitoe nakala, nibaki nayo hapa," Phelix akaongeza.

Johana akaweka kiganja juu ya diski. "Hapana. Kitu cha chuo kitoke chote. Sitaki mguu wa ng'ombe wangu ubaki kwa boma la mwingine."

Nilicheka, kwa sababu ningesema vivyo hivyo. Phelix akanitazama, nikamwambia amwachie mzee mali yake. Ile kompyuta nyingine iliuzwa Kisii mwezi huohuo, ikaondoka na kila kilichokuwa ndani yake.

Stima ilitarajiwa kabla ya Krismasi. Badala yake ikaja mvua ya Elinino. Barabara ya Kapkatet ikawa uji, nguzo zikalala kando ya njia zikiota ukungu, lori za majani chai zikakwama na majani yakamwagwa mitaroni. Ndani ya nyumba, vitabu vilivimba, viatu vya ngozi vikaota manyoya meupe. Kompyuta na printa zilikaa chuoni zikiwa zimefungwa kwa nailoni. Diski Johana alizipeleka nyumbani, maana chuo kilivuja.

Nyumba yake ilikuwa ya mabati, sakafu ya saruji, baridi na unyevu kila kona. Lakini nyuma yake kulikuwa na jiko la mama, la udongo, lenye dari ya mianzi juu ya meko. Mtu yeyote wa kule anajua dari hiyo ni ya nini. Mbegu za mahindi hukaa huko, dudu asizifikie. Vibuyu vya maziwa hukaa huko. Hati ya shamba hufungwa kitambaa na kusukumwa huko, kwa sababu ndiko mahali pekee pakavu mwaka mzima, panya hapendi moshi, na mwizi hawezi kupanda huku mama anapika. Johana alizifunga diski kwa kitambaa cha meza, akaziweka kando ya hati ya baba yake. Aliwapa watoto onyo wasiziguse. Wakatii.

Moto uliwaka chini yake miezi yote ile ya mvua.

Stima ilipofika, mvua ikiwa imeshapungua, kamati ikapanga Jumamosi ya kufungua mashine. Mimi sikwenda. Phelix ndiye aliyeniletea habari, na siku chache baadaye Johana mwenyewe alinieleza sehemu ambayo Phelix hakuiona: kwamba asubuhi ile aliziteremsha diski, akakuta karatasi ya nje imekuwa ya rangi ya chai ya rangi, plastiki imepinda kidogo kama ukucha, na kile kimlango cha bati kinasuasua. Alizipangusa kwa leso. Akajiambia zitafanya. Akavaa suti.

Kina mama walikuja na vitambaa vyao vya kanisa, vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi, vikapangwa chini ya dirisha, wimbo ukaimbwa, maombi yakaombwa. Phelix akawasha kompyuta, ikawaka, wakapiga makofi. Akaingiza diski ya kwanza. Ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena, halafu maandishi yakatokea kusema haiwezi kusomeka. Ya pili ikakwama nusu, ikabidi aitoe kwa koleo.

Phelix si mtu wa kukata tamaa haraka. Ndani ya kompyuta mna orodha ya printa nyingine inazozijua, akachagua moja iliyokaribiana na ile na kujaribu. Printa ikaunguruma. Karatasi ikatoka na mstari mmoja juu: vikopa, nyuso zinazocheka, mishale, herufi zenye pembe. Karatasi nyingine ikatoka na mstari mwingine. Na nyingine. Ilimeza karatasi za chuo huku Phelix akitafuta kitufe cha kuizima.

Mama Chepkemboi aliokota moja, akaigeuza juu chini. "Hii ni lugha ya wapi?"

"Labda imejiunga na wale jirani zetu wa kunena kwa lugha," akasema mama mmoja mzee, na chumba kizima kikacheka. Johana peke yake hakucheka.

"Shida ni nini, kijana?" mwenyekiti akauliza.

"Diski haisomeki, mama."

"Na hizi diski zimetoka wapi?"

Phelix anasema alimwangalia Johana, akingoja mzee ajibu. Mzee alikuwa amesimama kati ya kamati na ile mashine, suti imemkaa vizuri, na watu wote ambao waliwahi kumwita kusoma mizani walikuwa wakimtazama mdomo.

"Zilitoka hivyo Sotik," akasema.

Maneno matatu tu. Kina mama wakaguna kwa pamoja, lile guno la watu waliokuwa wameshashuku. Mama Chepkemboi akazifunga zile diski kwenye leso yake. Mursik haikunywewa.

"Na wewe ulinyamaza?" nilimuuliza Phelix.

"Mama Gekara, mimi Mjaluo, mgeni, nimuumbue mzee wa kanisa mbele ya kanisa lake? Ningetoka na mguu gani?"

Nilimwelewa. Lakini usiku huo huo habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Mkisii wa Sotik amewauzia watu wa Mungu diski mbovu.

Jumatatu Mama Chepkemboi akaja dukani, Johana nyuma yake. Alikataa kiti.

"Mama Gekara, sisi hatutaki kelele. Turudishie taipureta, uchukue mashine yako."

Taipureta hazikuwa huru tena. Nilikuwa nimeshaziahidi shule moja ya Keroka, na nyingine zilikuwa tayari zimepakiwa. Nikaomba kuona diski. Akafungua leso juu ya meza yangu.

Sikuhitaji kuziinua. Mtu aliyefanya biashara na watu wa Bureti, upande ule wa Kapkatet, kwa muda niliofanya mimi anaijua ile harufu. Noti huja nayo, mbegu huja nayo, hati ambazo watu huniletea niwashikie dhamana huja nayo. Niliinua moja hata hivyo, nikaisogeza puani taratibu, na juu ya ukingo wake nikamtazama Johana. Alikuwa ameangalia kalenda ukutani. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita.

Ningeweza kusema palepale. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilipiga hesabu yangu haraka: nikimwaibisha hapo, mwenyekiti atamlaani yeye na bado atataka taipureta zake, maana mashine bado haifanyi kazi. Ningeshinda maneno na kupoteza mali.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "nikubalie mpaka Jumamosi. Ikikataa Jumamosi, taipureta zitarudi hata kama ni kuzifuata Keroka kwa miguu. Mwalimu, njoo stoo uone kitu."

Stoo ilikuwa nyembamba, kabati pande zote. Nikafunga mlango.

"Mwalimu, hii diski inanukia mursik."

Alivua kofia. Sikumwambia aivue.

"Uliweka darini."

"Nyumba yote ilikuwa maji," akasema. "Kijana alisema unyevu. Mimi nikafikiria pahali pakavu."

"Hilo nalielewa. Hata mimi sina neno na dari. Nina neno na Sotik."

Alikuwa akikunja ukingo wa kofia na kuukunjua. Mtu yule niliyezoea kubishana naye mpaka mate yakauke, ambaye aliwahi kunipunguzia bei ya kiti kwa sababu kinalia kikizunguka, alisimama pale kama anangoja kupewa kibarua.

"Nitakuandikia barua," akasema mwishowe. "Niseme kosa ni langu. Uiweke."

"Barua nitamsomea nani? Mende?"

"Nimwambie mwenyekiti, sisi wawili."

"Ulisema mbele ya mwenyekiti peke yake?"

Akarudia kuukunja ukingo wa kofia.

"Yale maneno yalisemwa mbele ya kamati," nikamwambia. "Yafutwe mbele ya kamati, kwa mdomo uleule. Hiyo ndiyo bei, na leo hakuna upande wa pili wa utepe. Mimi nitatoa pikapu, nitatoa Phelix, nitatoa diski mpya. Wewe utatoa hilo."

"Mama Gekara, pale mimi ndiye husoma mizani."

"Ndiyo maana waliamini."

Aliweka kofia kichwani, akaitoa tena. "Sawa," akasema, kwa sauti ambayo ningekuwa mtu mwingine ingenifanya nipunguze.

Draiva sasa. Phelix alisema Nairobi kuna watu ambao kompyuta zao zimeunganishwa na simu na wanaweza kuvuta programu kama hizo kutoka ng'ambo, lakini Kapkatet simu ilikuwa moja ya posta, ya kuita opereta, na wakati huo nguzo zake zilikuwa zimeanguka. Kuandika barua kwa waliotengeneza printa kungekula muhula mzima. Njia iliyobaki ilikuwa kumtafuta mtu mwenye printa kama ile na diski zake. Phelix alijua moja tu sehemu zile. Ilikuwa katika ofisi ya shamba la chai upande wa Kericho. Shamba lile lile. Johana alipolisikia jina alifunga macho.

Tulienda Jumatano, sisi watatu kwenye pikapu, yeye kando ya dirisha. Chai ilikuwa imechipua kijani kibichi baada ya mvua yote ile, wachumaji wamezama mpaka kiunoni. Hakuuangalia upande wa ofisi hata tulipoegesha mbele ya mlango wake.

"Phelix anaweza kuomba," akasema. "Ni mambo ya fundi."

Phelix akaingia. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, tukasikia yote. Katibu alikuwa Chepchirchir, mwanamke mwenye miwani na cheo sasa, lakini zamani alikuwa mmoja wa wasichana wa rula.

"Kutoa nakala si shida," alikuwa akisema. "Lakini zenu ziko wapi? Meneja ataniuliza."

"Ziliharibika, madam."

"Ziliharibika aje? Ni nani alikuwa akitunza?"

Nilimwona Phelix kupitia dirishani akigeuka kutazama pikapu. Nami nikamtazama Johana.

"Anauliza mwenye mali," nikamwambia.

Halafu akafungua mlango, akashuka, akapanda zile ngazi ambazo nadhani alikuwa amezipanda maelfu ya asubuhi, kofia mkononi.

"Chamgei, Mwalimu," Chepchirchir akasimama haraka, na mkono wake ukakisogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta bila yeye kujua. Mazoea hayo. Mzee alikiona kile kikombe kikisogea. Nilidhani atarudi nje.

"Diski nilitunza mimi," akasema. "Niliziweka darini juu ya moto."

Chepchirchir alimwangalia, akavua miwani, akaiangalia kama ina jibu. "Hata mama yangu angeweka huko, Mwalimu," akasema polepole. "Kaeni. Nitaagiza chai."

"Hatutakunywa," Johana akasema. Lakini chai ililetwa, na akakaa nayo mapajani, mbali na meza kabisa, mpaka ikapoa. Makarani wengine wakawa wanapita mlangoni mmoja mmoja kumsalimu. Wote walikuwa wameisikia hotuba ya kuagwa.

Phelix alitoa nakala mbili, akajaribu kila moja, na moja nikaifunga mkobani mwangu. Safari hii mwenye ng'ombe hakusema lolote juu ya mguu.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Kina mama walinipisha njia bila salamu. Phelix akaingiza diski, ikasomeka, akajibu maswali ya kompyuta, akaizima na kuiwasha. Kisha akachapa karatasi moja. Ilitoka na jina la chuo juu, na chini yake Zaburi ambayo Mama Chepkemboi alikuwa ameichagua, herufi zimenyooka kama mistari ya chai. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Wengine waliinusa wino.

Mwenyekiti akanigeukia. "Basi, Mama Gekara, mwishowe umetuletea zile nzuri. Ungezileta tangu mwanzo tusingefika hapa. Lakini tumekusamehe."

Nikakohoa tu. Nilimtazama Johana. Alikuwa akikunja waya wa printa ambao haukuhitaji kukunjwa. Sasa kila kitu kilikuwa sawa kwake: mashine inafanya kazi, funguo mfukoni, na mimi nimesamehewa kosa ambalo halikuwa langu. Ilikuwa imebaki maombi na mursik.

"Mwalimu atufungie kwa maombi," Mama Chepkemboi akasema.

Watu wakainama. Johana akaanza vizuri, kwa sauti yake ya kanisani. Akashukuru kwa stima. Akashukuru kwa mvua na kwa kukoma kwake. Halafu sauti ikaanza kukanyaga kwa uangalifu. "Na kama kuna mmoja kati yetu, Bwana, aliyeteleza kwa ulimi, wewe unayejua mioyo, umsamehe huyo mmoja, ufunike jambo lake kwa rehema zako..."

"Mwalimu," nikasema.

Mtu hakatizi maombi. Najua. Vichwa viliinuka chumba kizima, na macho yaliyonigeukia hayakuwa ya Kikristo.

"Sikukuomba umwambie Mungu," nikasema. "Yeye alikuwa akijua."

Johana alibaki na macho yamefungwa. Shingo yake, juu ya ukosi wa shati, ilikuwa imelowa jasho na baridi yote ile ya Kapkatet. Akayafungua. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwenyekiti.

"Diski zilitoka Sotik zikiwa nzima," akasema. "Printa niliiona mwenyewe ikichapa dukani. Mimi ndiye niliyeziweka darini, zikachomwa na moshi. Na asubuhi ya kufungua mashine niliona zimepinda. Nilijua hivyo nilipowaambia yale ya Sotik. Huyu mama hakutuuzia kitu kibaya."

Kisha yule mama mzee, yule wa mzaha wa kunena kwa lugha, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani kwa dari kuna ubaya gani? Si hata hati yangu iko huko?"

Wachache walitaka kucheka. Mama Chepkemboi hakuwaruhusu.

"Dari si kitu," akasema. "Sisi wote tungeweka huko. Lakini ulituambia Sotik." Akamgeukia kabisa. "Mwalimu, wewe ndiye tulikuwa tunaita pale kituoni."

Johana akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka juu ya printa. Hakuna aliyemwambia azirudishe mfukoni. Nilitarajia angalau mmoja. Mursik ikamwagwa vikombeni, wakaninywesha viwili, na yeye akapewa chake kama wengine. Alikishika kwa mikono miwili, akakinywa chote akiwa amesimama. Ilikuwa vigumu kukitazama kikombe kile kikipanda na kushuka.

Siwezi kusema nilijuta. Ningenyamaza, wasichana wangepata mashine yao vilevile, na mimi ningebaki mwizi aliyesamehewa, na mwizi aliyesamehewa hauzi kitu upande ule wa barabara.

Basi hesabu ilikaa hivi. Chuo kilibaki na kompyuta, na wasichana waliofuata walitoka pale wakijua kuitumia. Mimi taipureta zikabaki zangu, zikaenda Keroka, na wateja wa Kapkatet na Litein wakaongezeka, maana habari ya maombi yaliyokatizwa ilisafiri kuliko ile ya diski mbovu. Johana aliachiwa kufundisha, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kufundisha, lakini funguo zilihamia kwa Mama Chepkemboi. Katika kituo cha majani chai wakulima wakigombana siku hizi huinama wenyewe kusoma mizani, mmoja baada ya mwingine, na foleni ni ndefu.

Dukani kwangu hakuingia tena. Akifika Sotik hupita upande wa pili wa barabara, kofia imeshushwa. Nimewahi kumwamkia kwa sauti. Aliinua mkono bila kugeuza uso.

Mwaka mmoja hivi baadaye Mama Chepkemboi alikuja kununua wino wa printa. Nikamtolea kikopo. Akakitikisa karibu na sikio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu ameniambia nitikise," akasema. "Anasema kama kimetumika nusu, nilipe ile nusu iliyobaki peke yake."

Kilikuwa kimetumika kidogo, ni kweli. Nikampunguzia.

"Mwambie aje mwenyewe tubishane," nikasema. "Nimekosa mtu wa kubishana naye."

Alimwambia. Najua alimwambia, kwa sababu safari iliyofuata alikuja na ujumbe mwingine wa bei. Mwalimu hakuja.